Lisansi ya Miaka Mitatu

Shangazi yangu hakopeshi mtu bila karatasi. Hata kopo moja la unga wa muhogo, ukilichukua leo na kuahidi kulipa Jumamosi, ataliandika kwenye kipande cha katoni na kukusomea mbele ya wateja wengine, ili usije ukasema hukusikia. Anauza unga pale soko la Kadutu, hapa Bukavu, na wasiompenda wanasema ni ubahili. Yeye anasema ni dini: deni liandikwe, na mashahidi wawepo. Kwa hiyo aliponikopesha pesa za kusoma chuo kikuu, karatasi iliandikwa, na mimi nikakalishwa katikati ya mkeka nikitazamwa na watu wazima wanne.

Ilikuwa nyumbani kwetu Cimpunda, Ijumaa baada ya swala. Baba yangu, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyeandika, kwa sababu ana mwandiko mzuri na anaujua. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wangu wa madrasa wa utotoni. Wa pili alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu asiyependa karatasi yoyote iandikwe mtaani bila yeye kuisahihisha. Maneno yalikuwa machache. Shangazi atalipa minervali, yaani karo ya chuo, kila mwaka. Mimi nitasoma psikolojia. Nitakapopata lisansi nitaanza kurudisha kidogo kidogo, bila riba, maana riba shangazi haigusi. Kisha kukawa na mstari wa mwisho, ambao shangazi aliutamka polepole ili baba asiukosee: nikishapata lisansi, zamu itakuwa ya binti yake.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na mitano wakati ule. Shangazi ni mjane, na huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Pesa zilizotoka kwenye unga zilitosha kumsomesha mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshamaliza sekondari, na baba alikuwa hana kitu, nilitangulia. Hilo ndilo lililokuwa deni langu hasa. Dola zilikuja juu yake tu.

Sasa niseme kuhusu neno lenyewe. Kwetu Kongo, tangu enzi za baba, chuo kilikuwa na ngazi mbili. Kwanza unasoma miaka mitatu, unapata gradua. Wenye nguvu wanaendelea miaka miwili tena, wanapata lisansi. Mtu akisema ana lisansi, mtaa mzima unajua amekaa chuoni miaka mitano, na anasalimiwa tofauti. Siku ile kwenye mkeka kila mtu alikuwa na hiyo miaka mitano kichwani. Shangazi aliihesabu kwa vidole mbele yetu: binti atamaliza sekondari baada ya miaka mitatu, atamsaidia sokoni miaka miwili, kisha ataingia chuo mimi nikitoka. Hakuna aliyeona haja ya kuandika tarakimu. Nani anaandika urefu wa kitu ambacho kila mtu anakijua?

Wiki ya kwanza chuoni tukaambiwa kwamba mfumo umebadilika. Gradua imekufa. Sasa unasoma miaka mitatu unapata lisansi, na ukitaka unaongeza miwili unapata master. Mwanafunzi mmoja wa mbele akauliza kama lisansi hiyo ni sawa na ile ya zamani. Mwalimu akacheka kidogo, akasema tutaongea siku nyingine. Nilikisikia kile kicheko vizuri sana. Nyumbani sikukipeleka.

Nilichopeleka nyumbani ni habari njema. Nilipitia Kadutu moja kwa moja kutoka chuoni, nikamkuta shangazi anafunga magunia.

"Lisansi kwa miaka tatu?" akauliza.

"Miaka tatu tu, shangazi."

"Na ku karatasi bataandika lisansi?"

"Bataandika lisansi."

Akakaa juu ya gunia, akatazama juu kama anayesoma bei ukutani. "Basi Mungu ametukatia njia. Ule mudogo hatangojea tena. Weye unatoka, yeye anaingia, mwaka ule ule."

Jioni ile ile alimwambia binti yake. Ningeweza kusema, shangazi, subiri kwanza, tuulize vizuri. Sikusema, kwa sababu nilifurahi, na kwa sababu nilipenda kuwa mtu aliyeleta habari njema. Mimi ni mwepesi wa kupandisha mambo. Niko hivyo mpaka leo, na mama yangu ananitania kwamba ningeuza unga ningekuwa najumlisha kopo tupu.

Miaka mitatu ikapita kama inavyopita kwa mwanafunzi asiye na pesa ya moto, yaani pikipiki ya abiria: kwa miguu. Nilishuka njia za Cimpunda asubuhi na kuzipanda jioni, na msimu wa mvua nilikuwa na jozi mbili za viatu, ya matope na ya darasani, hii ya pili nikiibeba kwenye mfuko. Nilipenda masomo. Nasema hivyo wazi kwa sababu baadaye, nilipoanza kupiga hesabu, nililisahau hilo kabisa, na nadhani lilipaswa kuingia mahali fulani. Nilipenda kujua kwamba kuna watu waliokaa wakafikiri kwa nini mtoto anayepigwa anamng'ang'ania anayempiga. Mtaani waliniita munganga ya wazimu. Majirani waliniletea ndoto zao, na mmoja aliniletea mbuzi wake aliyekataa kula.

Shangazi ndiye aliyenitania kuliko wote. Nikipita sokoni alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawaambia wenzake kwamba hapa iko dokta wa moyo. Siku moja aliniuliza hiyo kazi yenyewe ni ya kufanya nini. Nikamwambia, sehemu kubwa ni kusikiliza.

"Kumbe banalipaka mutu juu ya kusikiliza?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mi nasikilizaka batu tangu asubuyi mpaka magaribi. Mwenye bwana yake amekimbia, mwenye mukazi-mwana anamutukana, bote banakuja hapa. Hakuna mwenye ananilipa. Na unga banabeba ya deni."

Wenzake walicheka, na mimi nilicheka, lakini nilipanda mlima wa Cimpunda nikiwa nimekasirika. Nilikuwa na daftari zima la maelezo kuhusu kusikiliza.

Nikapata lisansi. Siku ya kutunukiwa shangazi alikuja na kitenge kipya, binti yake pembeni, naye mwaka ule ule alikuwa amepata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, kama vidole vilivyosema baada ya kurekebishwa. Tulikula wali nyumbani. Mwalimu mstaafu alitoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na mimi nilikuwa na furaha ya mtu ambaye hajaanza kutafuta kazi.

Nilianza Jumatatu. Matangazo ya kazi hubandikwa kwenye mageti ya mashirika, na unayasoma umesimama katikati ya wenzako wanaojifanya hawakusukumi. Tangazo la kwanza lilitaka mtu mwenye lisansi ya psikolojia. Nikapeleka dosie yangu, karatasi zote ndani ya bahasha safi. Mzee wa mapokezi aliitazama, akaninyooshea kidole kwa upole.

"Maman, hii lisansi yako iko ya zamani ao ya sasa?"

"Ya sasa, papa."

"Ya sasa siye tunaihesabia gradua. Hapa banataka mutu wa miaka tano. Uniwie razi."

Niliingia pale nikiwa na lisansi, nikatoka nikiwa na gradua, kitu ambacho chuoni walituambia kimekufa. Nilisimama nje ya geti nikasoma tena cheti changu. Lisansi, imeandikwa, kwa herufi kubwa, na muhuri. Nikasoma tena tangazo. Lisansi. Neno lile lile. Nilitaka kugombana na mtu, lakini mzee alikuwa ameomba radhi na geti halisikii.

Mageti mengine matatu yaliniambia vivyo hivyo, mawili bila upole. La tano lilikuwa la shirika dogo lenye kazi kwenye kituo cha afya kule Bagira. Walitafuta wasaidizi wa kuongea na akina mama waliopitia mambo mazito, kuwapokea, kuwatuliza, kuandika na kuwapeleka kwa mtaalamu. Nilifanya mtihani, nikaitwa kuhojiwa. Kwenye benchi nilikaa na mwanamke wa umri wangu, mcheshi, aliyeniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia. Nami nikamuuliza. Akasema yeye ana diploma ya sekondari na mafunzo ya siku kumi waliyopewa parokiani. Tulichukuliwa wote wawili. Kazi moja, mshahara mmoja: dola mia moja na hamsini kwa mwezi, mkataba wa miezi sita, na baada ya hapo ni kadiri mradi utakavyokuwa. Walitupa wiki mbili za kwenda kufikiri kabla ya kutia sahihi.

Nilipaswa kufurahi. Kazi Bukavu haiokotwi. Badala yake nilirudi kutoka Bagira nimebanwa ndani ya basi dogo, nikijiuliza swali moja mpaka mjini: miaka yangu mitatu na siku zake kumi, tofauti iko wapi? Ikiwa kazi hii ilitaka siku kumi tu, basi shangazi alilipia nini?

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyonivuruga. Deni lilikuwa dola elfu moja mia sita na hamsini. Nikichukua kazi ya Bagira nikamrudishia shangazi dola sitini kila mwezi, nitamaliza baada ya miezi ishirini na minane, lakini mkataba ni wa miezi sita. Nikiendelea na master, gharama itaongezeka dola elfu moja na mia tatu, na nitatoka na ile miaka mitano ambayo mageti yanaitaka. Mtaalamu mwenye miaka mitano, pale pale Bagira, alikuwa analipwa dola mia sita. Kwa mshahara huo deni lote lingeisha kwa mwaka mmoja. Nilipofika hapo moyo ulitulia.

Kisha nikawakumbuka wenye master niliowafahamu. Walikuwa wanne. Wawili walikuwa na kazi. Wa tatu alifundisha sekondari ambako mshahara ulikuja ulipojisikia. Wa nne aliuza vocha za simu, na alikuwa na furaha kuliko wote, jambo ambalo nalo lilinichanganya. Nikafuta hesabu, nikaanza upya. Mara ya tatu nilifikiria kukopa kwenye kikundi cha akiba cha akina mama wa mtaani kwetu, nijisomeshe mwenyewe bila kumgusa shangazi. Lakini kikundi kinatoza riba, na pesa ya shangazi ningeirudisha lini huku nikilipa riba kwa wengine? Nikafuta tena. Karatasi ilitoboka.

Na katika kila hesabu kulikuwa na mtu ambaye sikuwa na tarakimu yake. Nikisoma master, shangazi ndiye atakayelipa, na binti yake atangojea miaka miwili. Nikichukua kazi, binti ataingia chuo mwaka huu. Ningeweza kumwandika vipi msichana wa miaka kumi na minane kwenye safu ya dola? Nilijaribu kujiambia kwamba tangu mwanzo alikuwa amepangiwa kungojea miaka miwili hiyo hiyo. Ilikuwa kweli. Nilijirudishia kweli hiyo mara nyingi kiasi kwamba ikaanza kunitia aibu.

Lakini niliing'ang'ania. Nikamwomba baba awaite watu wa mkeka.

Walikuja Ijumaa, wale wale, shangazi akiwa na unga kwenye nyusi. Baba akaisoma karatasi. Nikasema neno langu, na nilikuwa nimelipanga vizuri. Nilisema: siku ile mliposema lisansi, nyote mlikuwa na maana ya miaka mitano. Mimi nimesoma mitatu. Neno limefika lakini maana haijafika. Kwa hiyo kwa mujibu wa makubaliano yenu wenyewe bado nina miaka miwili.

"Lisansi iko lisansi," akasema baba. "Mi mwenyewe niliandika, na mukono yangu."

Mwalimu mstaafu akaomba maharagwe. Mama akaleta kwenye sahani. Akapanga matatu upande huu, mawili upande ule, akaeleza mfumo wa zamani. Kisha akayasogeza yale matatu, akaeleza mfumo mpya, na alipofika master alikuta amebaki na maharagwe mawili yasiyojulikana ni lisansi ya nani. Akayahesabu tena. Mwisho akasema wizara ndiyo iliyokosea, na kwamba enzi zake jambo hili lisingetokea.

Mwalimu wa madrasa alisema katika makubaliano kinachoangaliwa ni nia.

"Nia ya nani?" baba akauliza.

Mwalimu akafikiri. "Ya wote."

"Bote banawaza tofauti," akasema baba, na hapo mazungumzo yakakwama. Nilikuwa nimeshinda nusu na sikuhisi ushindi wowote.

Nilimtazama shangazi nikitamani akasirike. Angekasirika, nami ningekasirika, na kwenye hasira mimi najua njia. Yeye alivuta kanga yake akasimama, kwa sababu wateja walikuwa wanangoja.

"Miye sikuhesabu miaka," akasema. "Nilihesabu zamu. Lakini kama mutu mwenye deni iko mu shida, dini inasema angojewe. Nitakuuliza kitu moja tu. Weye, uko mu shida ao hauko mu shida? Ukisema uko mu shida, nitangojea, na sitasema kitu. Lakini useme weye mwenyewe, na kinywa yako."

Nikafungua kinywa. Mtu aliyepewa kazi ya dola mia moja na hamsini yuko katika shida? Mama yule wa kwenye benchi aliruka kwa furaha aliposikia kiasi hicho. Na mtu mwenye lisansi ambayo kila geti linaihesabu gradua, hayuko katika shida? Nilisema nipe siku chache. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Baba akakunja karatasi. Mashahidi wakala maharagwe, maana mama alikuwa ameshayapika yaliyobaki.

Siku zile chache nilikuwa mtu wa ajabu. Asubuhi niliamka nikiwa mtu wa Bagira, mchana nikawa mtu wa master. Niliongea na kila aliyekubali kusimama. Wa kwanza aliniambia soma, kusoma hakuozi. Wa pili aliniambia chukua kazi, master itakukuta hapo hapo. Wote walisema kwa uhakika, na uhakika wao uliniudhi. Nilimwonea wivu mtu yeyote aliyekuwa na jambo moja tu kichwani. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu jinsi akili ya mtu inavyofanya uamuzi, na ya kwangu ilikataa kufanya hata huo wa kula au kutokula.

Jumatano mchana, mvua ikiwa imekatika, binti ya shangazi akaja Cimpunda peke yake. Alikuwa amepanda kwa miguu, matope mpaka kwenye magoti, na mkononi ana fishi, yaani fomu ya kujiandikisha chuoni, ndani ya mfuko wa nailoni. Alikaa kwenye stuli ya baba ya kushonea, akafuta mikono kwenye sketi yake, akaifungua fishi juu ya meza. Ilikuwa imejazwa karibu yote, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika kwanza kwa penseli: jina, mahali pa kuzaliwa, shule. Penye kitivo palikuwa wazi.

"Yaya," akasema, kwa sababu ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "niandike nini hapa?"

"Weye unataka nini?"

"Psikolojia. Kama weye." Akainamisha kichwa. "Lakini nilisema nikuulize mbele. Ilikusaidia?"

Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akikuuliza jambo zito usimpe jibu lako. Mrudishie swali, afikie jibu lake mwenyewe. Ni mbinu nzuri, na niliipatia alama za juu.

"Weye unaona je?" nikamuuliza.

"Mi njo mwenye nimekuuliza."

Nilitafuta jibu kwa dhati, hilo nalisema bila kujisifu. Niliwaza cheti, mageti, mbuzi asiyekula, yule mwanamke wa siku kumi, mshahara wa dola mia sita wa mtu mwingine. Niliwaza furaha niliyokuwa nayo darasani, ambayo sikuwahi kuiandika kwenye hesabu yoyote. Vyote vilikuwa kweli, na havikukaa pamoja.

"Sijuwe," nikasema. "Haki ya Mungu, sijuwe."

Hakushangaa. Alikunja fishi taratibu, akaanza kuirudisha kwenye mfuko.

"Mama amesema kama weye uko mu shida, mi nitangojea. Haiko mubaya. Nitasaidia ku soko." Akafunga fundo la mfuko. "Nitangojea mpaka utajuwa."

Alisema bila lawama yoyote. Angekuwa amelaumu ningejitetea. Nilikuwa na hoja na maharagwe yote ya mwalimu tayari. Lakini alikuwa anaondoka kwenda kungojea, na alichokuwa anakwenda kungojea hakikuwa master wala miaka miwili, kilikuwa ni mimi nijue. Na mimi nilikuwa nakaribia kufahamu jambo moja tu, kwamba huenda nisijue kamwe. Huenda nikiwa na umri wa shangazi, na mvi, bado nitakuwa nauliza kama ilinifaa. Msichana huyu angengojea mpaka lini? Niliogopa kweli, na chini ya hofu ile kulikuwa na aibu.

"Leta hiyo karatasi," nikamwambia.

Akafungua fundo. Nikaikunjua fishi, nikaichukua kalamu ya baba ya kuchorea vitambaa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na mstari ambao hakuwa ameujaza kwa penseli wala kwa wino: mtu atakayelipa minervali. Nikaandika jina langu, na chini yake kazi yangu, msaidizi, kituo cha afya, Bagira, ingawa mkataba wenyewe ulikuwa bado haujatiwa sahihi na zilibaki siku mbili za zile wiki mbili walizotupa.

Aliusoma mstari ule mara mbili. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye ile nafasi ya kitivo.

"Na hapa?"

"Hapo," nikamwambia, "mi bado sijuwe. Andika weye."